Shangazi wa Hermatipiki na Gati Alilolikataa

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, baada ya kukitumikia kituo hiki cha utafiti wa bahari kwa miaka thelathini na minne, mtunza sampuli wetu mkuu anastaafu. Sisi tunaobaki tumezipokea habari hizi kwa majonzi makubwa. Wapo walioyaficha majonzi hayo kwa ustadi hata ukiwakuta koridoni utadhani wanapiga miluzi. Hatimaye tutaweza kulitamka neno "hermatipiki" bila sauti kutoka chumba cha sampuli kutuuliza, mlango ukiwa umefungwa, tunamaanisha nini hasa.

Mstaafu analo jina lake la kwenye hati, lakini hapa kituoni hakuna anayelitumia. Ni Shangazi. Kila ukoo una shangazi ambaye akiingia sebuleni watu wazima wanakaa wima na watoto wanakumbuka kuwa hawajanawa miguu. Sisi wa kwetu tulilipwa mshahara ili tukae naye jengo moja.

Kamati ya sherehe ilimtafuta mtu wa kuandika wasifu huu. Madaktari wetu wa falsafa wote, kwa bahati mbaya isiyoelezeka, walipata safari za ghafla. Kazi ikamwangukia mwendesha boti wa kituo, mtu aliyesoma kwa kiasi lakini akatembea kwa wingi, aliyekula chumvi ya bandari ambazo wengine huziona kwenye kalenda tu. Naye, kwa ule unyenyekevu wake unaojulikana na wote, akakubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Shangazi aliajiriwa akiwa binti mwembamba mwenye shahada, sanduku la vitabu na jozi moja ya viatu vya kufunga. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya rangi. Matumbawe yote ya kituo yalikuwa humo ndani ya magunia, makubwa kwa madogo, yamechanganywa kama nguo za mnadani, mengine yamevunjika kwa sababu mlinzi wa zamani alikuwa akiyatumia kuzuia mlango. Mkurugenzi wa wakati ule alimwambia kazi ya kuyapanga itachukua wiki mbili. Hakusema za mwaka gani.

Vifaa vya kazi alivileta kutoka nyumbani. Mumewe ni fundi saa, yule tunayemwita Mzee wa Saa, na kibano chake cha akiba pamoja na ile lenzi ndogo ya kubana jichoni ndivyo vilivyokuwa maabara yetu kwa muda mrefu. Kituo kiliahidi kumnunulia darubini. Iliwasili akiwa tayari na nywele nyeupe, ikiwa na kitabu cha maelekezo cha mashine ya kufulia. Tunaushukuru sana uongozi kwa kujali.

Kwa faida ya wageni waalikwa, hasa wale wa meza ya mbele wanaosoma huku jicho moja likiwa kwenye keki, tulieleze neno lenyewe. Hermatipiki ni sifa ya kitaalamu inayopewa matumbawe yanayojenga mwamba. Asili yake ni Kigiriki, lugha ambayo mwandishi alipata kuisikia kwa mabaharia waliokuwa wakigombania karata, na mwanzo wa neno unahusu mwamba au rundo la mawe lililomo baharini. Tumbawe si jiwe, ingawa limekwisha kuumiza vidole vya wengi. Ni kundi la wanyama wadogo, laini, kila mmoja amekaa kwenye kikombe cha chokaa alichojitengenezea. Wako ambao vikombe vyao vinagandamana, kizazi juu ya kizazi, mpaka unapatikana ukuta wa kuvunja mawimbi. Hao ndio hermatipiki. Wako na wengine wenye vikombe vizuri tu, lakini wanaishi na kufa bila kuongeza hata tofali moja. Shangazi aliwagawa kwa lugha ya mtaani: wa kwanza ni wajenzi, wa pili ni wapangaji.

Sasa utamjuaje mjenzi? Wengi wao wana mwani ndani ya nyama yao, mdogo hauonekani kwa macho. Mwani unakula jua, unampikia mwenyeji wake, na mwenyeji akishashiba anajenga kwa kasi. Kwa hiyo wataalamu wengi, na si hapa kwetu tu, walijizoesha njia ya mkato: mwenye mwani ni mjenzi, asiye nao si mjenzi. Shangazi naye akaishika njia hiyo, na kwa kuwa hajui kushika kitu kwa vidole viwili, akaishika kwa mikono na meno.

Akabuni kipimo chake. Unachukua kipande cha tumbawe hai, unakitumbukiza kwenye chupa ya spiriti safi, unakiacha. Asubuhi ukikuta spiriti imegeuka rangi kama chai ya mgeni asiyetakiwa, kuna mwani humo: rafu ya dirishani, lebo nyeupe, mjenzi. Ukikuta spiriti imebaki kama maji, hakuna mwani: rafu ya mlangoni, lebo ya njano, mpangaji. Kwisha. Hakuna rufaa. Spiriti yenyewe aliitia dawa chungu alipogundua kwamba inapungua hata siku ambazo hakuna sampuli. Mwandishi hana analolijua kuhusu jambo hilo, ila anaweza kuthibitisha kuwa dawa ilikuwa chungu kweli.

Kwa kipimo hicho chumba kilijaa. Wapiga mbizi waliteremka, wakakata vipande, wakavileta kwenye ndoo, naye akavipokea mlangoni kama mkunga. Mwanzoni alikuwa akizama mwenyewe, upande wa maji meupe penye jua. Kisha sikio likamletea matata, daktari akampiga marufuku kuzama, na kuanzia hapo bahari ikawa inamjia kwenye ndoo.

Aliandika pia kitabu cha mwongozo cha kituo kuhusu matumbawe. Ni kitabu chembamba chenye jalada la bluu ambacho kila mwajiriwa mpya alitakiwa akisome, na kila mwajiriwa wa zamani alitakiwa aseme alikisoma. Kanuni zetu zote zimetoka humo, ikiwemo ile maarufu: hapapigwi nguzo wala nanga juu ya matumbawe hermatipiki. Wapiga mbizi wawili waliwahi kuliandika neno hilo vizuri kabisa kwenye ripoti, wakajipongeza, wakaitwa chumbani. Walikaa huko mpaka chai ikapoa, wakatoka wamenyamaza kama watu waliotoka kupigwa sindano. Ikaja siku mgeni mkubwa akayasifu matumbawe yetu kuwa ni "mawe mazuri sana". Shangazi akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, hebu njoo." Msafara wote ulimngoja juani. Mgeni alitoka anajua vikombe, chokaa na mwani, na tangu hapo hakurudi tena kukagua kituo. Hilo nalo tunalihesabu kuwa ni mafanikio yake.

Tuje kwenye gati.

Kila aliyewahi kushuka kwenye boti yetu anajua hali ilivyo. Ngazi ya zamani imeliwa na kutu, na wageni hushuka majini wamebeba viatu mkononi. Mwenyekiti wa Bodi aliwahi kushuka hivyo na suruali ya kitambaa cha gharama, akasema maneno ambayo hayawezi kuchapishwa hapa. Ndipo ikaamuliwa lijengwe gati jipya, refu, la zege, upande wa mteremko ambako maji ni marefu na boti inafika wakati wowote. Mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye ni mtu mwema na tunasema hivyo bila kulazimishwa, akaja na wazo: Shangazi anastaafu mwezi wa sita, gati litazinduliwa mwezi wa sita, basi liitwe kwa jina lake. Kibao cha shaba kikaagizwa.

Haijapata kutokea hapa. Kuna mtu alifanya kazi kituoni maisha yake yote akapewa saa ya ukutani, ambayo Mzee wa Saa aliifungua akakuta ndani ni tupu. Gati! Mzee wa Saa alishona suti. Aliwaambia wateja wake wote, waliokuja na saa mbovu na waliokuja kuuliza tu njia. Mjukuu wao alitangaza darasani kwamba bibi yake atakuwa na daraja baharini. Shangazi mwenyewe alijifanya hajali, lakini tulimwona mara mbili amesimama uani anatazama upande ule huku anajitengeneza kilemba.

Ilibaki karatasi moja ya mtaalamu kusema kama pale kwenye mteremko pana matumbawe hermatipiki. Na mtaalamu ni nani? Ni yeye. Mteremko ule ni wa maji ya kiza, mkondo unapita kwa nguvu, na tumbawe lililojaa huko ni la matawi, kijani kilichokolea mpaka kinaonekana cheusi. Vipande vyake vilikuwa kwenye rafu ya mlangoni siku nyingi. Spiriti ilibaki kama maji. Hana mwani. Mpangaji. Shangazi akaandika kwamba hakuna wajenzi pale, akatia sahihi, akaenda kunywa chai.

Mkandarasi akaleta pantoni yenye mtambo wa kutoboa, ili wajue kama mwamba utazibeba nguzo. Vipande vilivyotoka vilikuwa mviringo, virefu, kama miche ya sabuni, vikapangwa kwenye visanduku vya mbao uani kwetu, cha juu mwanzo, cha chini kabisa mwisho. Mhandisi wa mkandarasi, kijana mchangamfu mwenye kofia ya njano, alifurahi kama aliyeotesha mwenyewe.

"Shangazi, gati lako litasimama mpaka wajukuu wa wajukuu. Huu si mwamba, ni chuma."

Shangazi akaja kuangalia, kwa heshima tu, kama mtu anavyoonyeshwa mtoto wa jirani. Akaibana lenzi jichoni, akainama. Akaomba ndoo ya maji. Akakiosha kipande cha kwanza kwa mkono, akakiinamia tena. Akaenda kisanduku cha pili. Sisi tuliokuwa tukisubiri tumshike mkono turudi ndani tukaanza kuegemea vitu. Alivipitia vyote mpaka cha mwisho, na mgongo wake ule tunaujua, haupendi mambo hayo.

"Hivi vimetoka mteremko wa kiza? Una hakika?"

"Nimetoboa mwenyewe, Shangazi."

Akakaa juu ya kisanduku. Yeye, ambaye mtu akikaa juu ya sampuli huitwa chumbani.

"Mungu wangu," akasema. "Mpangaji ndiye kajenga."

Kwa wasioelewa, na mwandishi naye alikuwa miongoni mwao kwa muda mfupi sana: mwamba ule wote, kuanzia juu mpaka chini, ulikuwa ni vikombe vya lile tumbawe jeusi, la jana juu ya la juzi, limegandamana na kujazwa chokaa mpaka likawa jiwe. Hana mwani, anakaa kizani, anakula kinacholetwa na mkondo, na amejenga mteremko mzima. Neno hermatipiki halijawahi kuuliza mtu anakula nini. Linauliza amejenga au hakujenga. Kipimo cha spiriti kilikuwa kizuri, ila kilijibu swali jingine. Ni kama kutaka kujua iwapo fundi mwashi amejenga nyumba, ukaenda kumchungulia mdomoni kuona amestaftahi nini.

Na ubaya hauji peke yake. Siku ileile Shangazi alirudi chumbani akaenda rafu ya dirishani, ya waheshimiwa wenye mwani, akamtoa yule kibonge mdogo wa mchangani. Huyu spiriti yake ilikuwa chai kabisa, lebo nyeupe, mjenzi wa daraja la kwanza. Lakini maisha yake anakaa mchangani peke yake, hajashikamana na kitu, na chini yake kuna mnyoo anayeishi kwenye tundu la kikombe chake na kumkokota huku na huku. Ana mwani, ana usafiri na dereva, na hajawahi kuongeza tofali popote. Wafanyakazi wenye hekima wanaweza kumfananisha na wanayemtaka. Mwandishi bado ana mkataba.

Ingekuwa mwingine, mambo yangeishia hapo uani. Karatasi ilikwisha tiwa sahihi. Suti ilikwisha shonwa. Kibao cha shaba kilikuwa njiani. Mzee wa Saa mwenyewe, alipokuwa anaitengeneza saa ya mwandishi (saa ya maana, ilinunuliwa kwenye bandari ya mbali, tusiingie huko), alisimulia yaliyopita nyumbani usiku ule.

"Nikamwambia, mke wangu, nimeshawaambia watu wote. Kosa limekaa miaka yote hiyo, litashindwa kukaa miezi michache zaidi? Akaniambia, kosa litakaa. Nguzo ndiyo haitangoja."

"Na wewe ukasemaje, Mzee?"

"Nilisema nini! Nilikwenda kuitundika suti."

Mkutano wa Bodi ulifanyika ukumbi wa juu, ule wenye feni inayozunguka kwa hiari yake. Mwendesha boti alikuwepo, kwa sababu visanduku vya mawe havipandi ngazi vyenyewe. Shangazi alivipanga juu ya meza yao iliyopigwa msasa juzi, mbele ya chupa za maji, akawaomba samahani kwa vumbi lakini si kwa kingine. Akasema anaiondoa ripoti yake. Pale mteremkoni pana matumbawe hermatipiki, tena hakuna kingine ila hayo, na kwa kanuni yetu wenyewe hapapigwi nguzo.

Feni ikaona haya, ikasimama.

Mkurugenzi alijaribu kwa upole. "Shangazi, neno hili umetufundisha mwenyewe."

"Niliwafundisha vibaya. Kaeni niwafundishe tena."

"Lakini kitabu cha mwongozo kinasema mwenye mwani ndiye mjenzi."

"Kitabu nimekiandika mimi, Bosi, nami nakwambia kimekosea. Unamtaka nani mwingine aje aseme?"

Mwenyekiti wa Bodi, akikumbuka suruali yake, akauliza kama haiwezekani kusubiri kidogo. Shangazi astaafu kwa heshima, gati lizinduliwe, halafu mtaalamu atakayekuja ayasahihishe makosa taratibu. Kwani nani anajua zaidi ya waliomo humu ndani?

"Hakuna," Shangazi akasema. "Ndiyo maana nimekuja kuwaambia."

Mhandisi wa kofia ya njano, masikini, akainua mkono kama yuko darasani. "Samahani, mimi sijaelewa. Mwamba ni mzuri au ni mbaya?"

"Ni mzuri mno, mwanangu. Usiuguse."

Mkurugenzi akavua miwani. Akamkumbusha, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, kwamba gati likihamishwa litapangwa upya kuanzia mwanzo, kwamba halitakuwa tayari mwezi wa sita wala mwaka huu, na kwamba Bodi itakayokaa mwakani haitajua habari za jina lake. "Shangazi, hii ilikuwa zawadi yako."

Tuseme ukweli, maana huu ni wasifu na si risala ya kampeni: Shangazi alilitaka lile gati. Mtu asikudanganye kwamba watu wakubwa hawapendi kuona majina yao kwenye shaba.

"Naijua," akasema. "Nitakujaje juu ya nguzo hizo na mjukuu wangu, aniulize bibi, hapa chini pana nini?"

Gati likaondolewa. Ndiye mtu wa kwanza katika historia ya kituo kuivunja zawadi yake kabla haijajengwa, na kwa hili wafanyakazi tunamshukuru kutoka mioyoni, hasa sisi tunaoendelea kubeba mitungi ya hewa maji yakiwa kiunoni. Gati fupi litajengwa siku zijazo upande wa mchanga, nyuma ya stoo. Maji yakipwa litakuwa limesimama pakavu, jambo litakalowafaa wanaopenda kupunga upepo bila kusumbuliwa na boti. Fununu zinasema litaitwa kwa jina la mwenyekiti, mtu ambaye akiona ndoo ya maji huomba kiti apande. Shangazi alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akaishika meza.

Miezi yake ya mwisho hakuitumia kupumzika wala kutuachia sisi tupumzike. Alikibomoa chumba. Rafu ya dirishani na rafu ya mlangoni zikafutwa, na kila tumbawe likapewa lebo mbili: moja ya kusema lina mwani au halina, nyingine ya kusema limejenga au halikujenga. Spiriti inajibu la kwanza tu. La pili ni marufuku kulijibu ukiwa umekaa kitini. Lazima mtu akaone lilikotolewa, kama limo ukutani au lilikuwa linapita njia. Wapiga mbizi walirudishwa baharini kwa vipande walivyovileta wakiwa na nywele. Pale ambapo hakuna anayekumbuka, Shangazi aliandika "haijulikani" kwa herufi kubwa. Mkurugenzi aliingia akazungusha macho rafu nzima, akauliza kama sasa tunajivunia kutojua. Akajibiwa kwamba ni afadhali kuliko vile tulivyokuwa tunajivunia zamani. Kitabu cha bluu nacho kimechapishwa upya. Ukurasa wa kwanza unaanza kwa maneno haya: "Toleo lililopita lilikosea, na aliyelikosesha ni mimi." Wasomi watatu waliokuwa safarini wamerudi na kukisifu. Mmoja wao tunaamini amekisoma.

Asiyejua nini maana ya kufanya hivyo ajaribu kumwambia mkewe kwamba alikosea jambo moja tu, la jana.

Kamati ya sherehe, ikiwa imebaki bila gati, ilimwendea kumuuliza anataka nini badala yake. Mfukoni ilikuwa na picha ya redio iliyopanga kumnunulia. Shangazi akasema anataka kwenda kuwaona. Akina nani? Wale wapangaji. Kumbe miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mteremko wa kiza kwa macho yake. Aliuhukumu kwa vipande vya kwenye ndoo. Kuzama haruhusiwi, lakini daktari hakusema lolote kuhusu kuelea.

Basi Jumamosi iliyopita, maji yalipotulia na mkondo ukapumzika, mwendesha boti alimpeleka, na kwa kweli boti haijapata kuendeshwa vizuri namna ile, ingawa hakuna aliyelisema. Mzee wa Saa alikuja na ile suti. Hajui kuogelea, lakini alikataa kukaa nchi kavu. Alifungiwa jaketi la kuokolea juu ya koti, akapewa kamba ambayo ncha yake ya pili ilifungwa kiunoni kwa mkewe. Wapiga mbizi wawili waliingia kwanza. Shangazi akateremka ngazi taratibu, akatukana baridi, akavaa miwani ya kuzamia, akalala juu ya maji kifudifudi.

Tulikuwa tumezoea kumsikia. Sasa tuliuona mgongo wake tu, na ule mrija ukipumua. Alikwenda na ukingo wa mteremko polepole, akasimama, akarudi, akaenda tena. Kisha akainua kichwa, akautoa mrija mdomoni, na wapiga mbizi wakasogea haraka wakidhani amezidiwa.

"Nyinyi!" akasema. "Yote haya mlikuwa mnayaona, halafu mnaniletea vipande!"

"Shangazi, ulisema tulete vipande."

"Nilisema, nilisema! Na nyinyi hamna midomo?"

Akaurudisha mrija, akalala tena juu ya maji.

Mzee wa Saa alitazama mkono wake wa kushoto, ambao una saa mbili. Akasema muda umetosha, atapata baridi, na mgongo wake je. Akaivuta kamba kidogo, kwa adabu. Kamba ikakaza. Akaivuta tena. Wanaume wote botini tuliona kwa macho yetu kamba ile ikivutwa kutoka upande wa pili, kwa nguvu, mpaka mzee wa watu akashika ukingo wa boti.

"Bado," akatwambia, na akamwachia urefu mwingine.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliokuogopa na waliojifanya hawakuogopi, tunakushukuru kwa kutufundisha neno moja mara mbili. Tunakuombea maji maangavu, mgongo usio na maneno, na miaka mingi ya kwenda kujionea mwenyewe. Na mumeo akivuta kamba, wewe nawe vuta.